Simu Zako Zinapokelewa na Mtu Mwingine? Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Uelekezaji wa Simu na Ujumbe wa Sauti

Kila ninapoeleza jambo hili kwa ufupi, wasomaji hurudi na malalamiko yale yale. Wamezima simu na kuiwasha, wameirudisha katika hali ya kiwandani, wengine wamenunua simu mpya kabisa, na bado wanaowapigia wanapokelewa na mtu wasiyemjua au na sauti ya mashine inayowataka waache ujumbe. Wote wanakosea mahali pamoja: amri ya kuelekeza simu, ile ambayo wengi tunaiita kudaiverti na ambayo menyu za Android za Kiswahili huiita kusambaza, haikai ndani ya simu. Inakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, imefungwa kwenye namba yako, na inakufuata hata ukihamishia laini kwenye kitochi.

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Aliposafiri kwenda kuuguza, mwanawe alielekeza simu zote za mama yake kwenye laini yake mwenyewe ya pili. Safari ikaisha, kijana akaitelekeza ile laini, na baada ya muda kampuni ikaigawa kwa mteja mwingine. Wateja wa Dodoma na Singida waliopiga kuulizia bei ya gunia wakawa wanapokelewa na fundi bomba. Shangazi akanunua simu mpya. Fundi bomba akaendelea kupokea oda za dagaa. Tatizo liliondoka kwa kubonyeza vitufe vitano, baada ya miezi ya hasara.

Mwongozo huu unaanza kwa kuuhoji mtandao, na simu yenyewe inafuata baadaye.

Vitu vya kuandaa

Andaa simu yenye tatizo ikiwa na chaji ya kutosha, simu ya pili ya kupigia majaribio (ya jirani inatosha), salio kidogo kwenye laini zote mbili, kalamu na karatasi. Kama simu yako ni ya laini mbili, andika kabisa kwenye karatasi ni laini ipi yenye tatizo, kwa sababu amri iliyotumwa kupitia laini isiyo yenyewe hujibiwa vizuri tu na kukuacha ukiamini umemaliza kazi.

Usiruke karatasi. Utaona namba ambazo ukizifuta bila kuziandika hutaweza kuzirudisha.

Hatua ya 1: Lisikilize tatizo kutoka upande wa mpigaji

Wewe huwezi kulisikia tatizo hili. Anayekupigia ndiye anayelisikia. Chukua simu ya pili ujipigie mara tatu.

Mara ya kwanza, acha simu yako iite bila kuipokea, huku ukihesabu sekunde hadi sauti ibadilike. Mara ya pili, ikate inapoita. Mara ya tatu, zima simu yako kwanza, kisha piga. Izime kwa kitufe, usichomoe betri: simu inayozimwa kwa kawaida huuaga mtandao, lakini iliyochomolewa betri huendelea kutafutwa kwa sekunde kadhaa, na majibu yako yatachanganyika.

Andika kilichotokea kila mara. Kama simu yako haikuita kabisa ilhali imewaka na ina mtandao, na mtu mwingine akapokea papo hapo, simu zako zote zinaelekezwa. Kama iliita kwanza kisha ikahamia kwingine, shida iko kwenye simu zisizopokelewa. Kama ilihama ulipoikata, ni kipengele cha simu iliyo bize, kwa maana mtandao unahesabu kukata kama kuwa bize. Kama ilihama ilipozimwa, ni kipengele cha kutopatikana.

Dalili moja huwapotosha watu wengi: SMS hazielekezwi, wala simu za WhatsApp. Mtu ambaye simu zake zote zinakwenda kwingine ataendelea kupokea ujumbe wa miamala, atapiga simu bila shida na intaneti yake itafanya kazi. Anachokiona ni ukimya tu, na ukimya huo hudhaniwa kuwa biashara imelala.

Hatua ya 2: Uliza mtandao umeandika nini

Fungua sehemu ya kupigia simu, andika kila moja ya amri hizi kama unavyoandika namba, kisha bonyeza kitufe cha kupiga. Ukiwa na laini mbili, simu ikikuuliza utumie ipi, chagua yenye tatizo.

*#21# huuliza kuhusu simu zote.
*#67# huuliza kuhusu simu zinazoingia ukiwa bize.
*#61# huuliza kuhusu simu zisizopokelewa.
*#62# huuliza kuhusu simu zinazoingia ukiwa umezima au uko nje ya mtandao.

Amri hizi ni za GSM, yaani mfumo wa kimataifa wa simu za mkononi, si za kampuni moja, ndiyo maana zinafanana Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Muscat. Kuuliza hakubadilishi chochote, kwa hiyo usiogope. Uliza moja moja, usubiri jibu, uandike.

Majibu katika simu nyingi huja kwa Kiingereza. "Not forwarded" maana yake hakuna uelekezaji. "Forwarded" ikifuatiwa na namba maana yake upo, na namba hiyo ndiko simu zako zinakokwenda. Huenda ukaona orodha ndefu yenye sauti, data, faksi na mengineyo. Inayokuhusu ni ya sauti.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ukidai kwamba ukipiga *#62# na kuona namba usiyoijua, basi unadukuliwa. Si kweli. Mara nyingi namba hiyo ni ya kituo cha ujumbe wa sauti cha kampuni yako ya simu, nayo huwekwa na kampuni yenyewe. Uliza huduma kwa wateja kama ni yao kabla hujaingiwa na hofu.

Namba ya mtu binafsi kwenye *#21# ni habari nyingine kabisa. Kama hukuiweka wewe wala mtu wa nyumbani, kuna uwezekano uliwahi kupigiwa na mtu aliyejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu, akakwambia uandike nyota mbili, 21, nyota, namba fulani na alama ya reli (#) ili laini yako isifungwe. Ukishafanya hivyo, simu zako zinaingia kwake, zikiwemo zile za mashine zinazosoma msimbo wa kufungulia akaunti ya WhatsApp. Nenda hatua ya 3 mara moja, kisha weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na ubadilishe namba zako za siri. Ukiwa Tanzania, namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa SMS kwenda 15040.

Umefaulu hatua hii ikiwa karatasi yako ina mistari minne, kila mmoja na jibu lake, na majibu hayo yanalingana na ulichokisikia katika hatua ya 1. Yasipolingana, kwa mfano mtandao unasema hakuna uelekezaji wowote na bado wapigaji wanaangukia kwingine, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 3: Futa kinachokusumbua, hicho tu

Kila kipengele kina amri yake ya kufuta, na zote zinaanza na alama mbili za reli: ##21# kwa simu zote, ##67# kwa bize, ##61# kwa zisizopokelewa, ##62# kwa kutopatikana.

Alama ziwe mbili. Ukiweka moja, yaani #21#, uelekezaji unasimamishwa lakini namba inabaki imehifadhiwa, na siku mtoto atakapogusa swichi kwenye menyu itafufuka na namba ile ile ya zamani.

Utaambiwa na wengi kwamba upige ##002# ufute vyote kwa mkupuo. Inafanya kazi, na kwa aliyetapeliwa ndiyo ninayoipendekeza. Kwa wengine nashauri subira, kwa sababu ##002# hufuta pia njia ya kwenda kwenye ujumbe wa sauti, na hapo ndipo mtu hurudi baada ya wiki akiuliza kwa nini wateja hawawezi tena kumwachia ujumbe.

Baada ya kufuta, usiridhike na neno la kufanikiwa linalotokea kwenye skrini. Rudia swali la hatua ya 2 kwa kipengele ulichokifuta, kisha ujipigie tena. Simu inapaswa kuita mkononi mwako.

Hatua ya 4: Skrini ikikataa amri

Wengi hukwama hapa wanapoona maandishi yasemayo kuna tatizo la muunganisho au msimbo wa MMI (jina la amri hizi za nyota na reli) si sahihi. Mara nyingi msimbo ni sahihi kabisa. Anza na mambo madogo: hakikisha hali ya ndegeni imezimwa, kuna mtandao wa kutosha, na laini uliyochagua ndiyo yenyewe.

Yakiwa sawa, sababu ya kawaida ni VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G. Simu iliyo kwenye VoLTE hutuma maagizo haya kwa njia ya data, kwa hiyo ukiwa umezima data ili kubana bando, agizo halifiki. Washa data ujaribu tena. Ikishindikana, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, badilisha aina ya mtandao kutoka 4G kwenda 3G au 2G, subiri alama juu ya skrini ibadilike, kisha tuma amri. Ukimaliza, rudisha 4G.

Njia yangu ya mkato ni kitochi. Hamishia laini kwenye simu ya vitufe, piga amri, irudishe laini kwenye simu yako. Kwa kuwa agizo linaandikwa kwenye mitambo ya kampuni, halijali limetumwa na simu ya bei gani.

Wenye iPhone wajue kwamba swichi ya kuelekeza iliyo kwenye mipangilio inahusu simu zote tu. Vipengele vingine vitatu vinashughulikiwa kwa kupiga amri.

Hatua ya 5: Weka upya uelekezaji unaouhitaji

Amri ya kuweka huanza na nyota mbili. Kuelekeza simu zote utapiga **21*+2557XXXXXXXX#, ukiweka namba halisi mahali pa herufi za X. Andika namba kwa mfumo wa kimataifa, +255 kwa Tanzania au +254 kwa Kenya, bila sifuri ya mwanzo, ili ieleweke hata ukiwa nje ya nchi.

Kwa simu zisizopokelewa unaweza kuchagua muda wa kuita. Piga **61*+2557XXXXXXXX*11*25#, ambapo 11 inamaanisha simu za sauti na 25 ni sekunde. Mtandao unakubali kuanzia sekunde 5 hadi 30, kwa kupanda tano tano. Mtu anayelalamika kwamba simu inahama kabla hajaitoa mfukoni hana tatizo la kufuta. Anahitaji kuweka 30. Kama simu zako zisizopokelewa huenda kwenye ujumbe wa sauti, tumia ile namba uliyoiona kwenye *#61#, na hii ndiyo faida ya karatasi.

Hali ya laini mbili ndani ya simu moja ndiyo inayoleta maswali mengi kuliko yote. Unaongea kwa laini ya kwanza, mteja anapiga laini ya pili, anaambiwa hupatikani. Simu haijaharibika: simu nyingi za laini mbili haziwezi kusikiliza laini zote kwa wakati mmoja, na unapoongea kwa moja, nyingine inakuwa kama imezimwa. Dawa yake ni kuchagua laini ya pili na kupiga **62* ikifuatiwa na namba ya laini ya kwanza na alama ya reli. Kisha chagua laini ya kwanza na upige *43#, ambayo huwasha huduma ya simu kusubiri. Mpigaji wa laini ya pili atakaa kimya sekunde chache wakati mtandao unaitafuta, halafu utasikia mlio wa simu inayosubiri katikati ya mazungumzo yako.

Kipimo cha hatua hii ni kujaribu jambo lenyewe: ongea na mtu kwa laini ya kwanza huku jirani akipiga ya pili. Mlio ukisikika, umemaliza.

Tahadhari ni tatu. Kwanza, kipande cha safari kutoka laini yako kwenda namba uliyoelekeza unakilipia wewe, si anayekupigia. Salio likiisha, kwa laini za kulipia kabla uelekezaji hushindwa kimya kimya, na si kila bando la dakika linahesabu simu zilizoelekezwa. Pili, usielekeze simu zote za A kwenda B na zote za B kurudi A, maana simu itazungushwa mpaka mtandao uikate. Tatu, kabla ya kusafiri nje ya nchi futa ##61# na ##67#: simu inayokukosa ukiwa Dubai inaweza kusafirishwa hadi huko na kurudishwa nyumbani, na safari zote mbili zikawa juu yako.

Hatua ya 6: Sasa kagua simu yenyewe

Ukifika hapa huku mtandao ukisema hakuna uelekezaji, mkosaji yuko mkononi mwako. Swali la kujiuliza ni moja: je, ni wapigaji wote wanaokukosa, au baadhi?

Kama ni mtu mmoja tu, fungua jina lake kwenye orodha ya majina. Baadhi ya simu za Android zina chaguo la kupeleka simu za mtu huyo moja kwa moja kwenye ujumbe wa sauti, na kidole kinaweza kuligusa bila kukusudia. Kagua pia orodha ya namba zilizozuiwa, pamoja na ile ya programu ya kutambua wapigaji kama Truecaller, ambayo ina orodha yake.

Kama wanaokukosa ni watu ambao hujahifadhi namba zao, na unatumia iPhone, angalia mpangilio wa kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Mfanyabiashara hapaswi kuuwasha hata siku moja. Kama ni watu wote lakini kwa saa fulani tu, hasa usiku, angalia ratiba ya Usinisumbue.

Hatua ya 7: Ujumbe wa sauti wenyewe

Matatizo ya ujumbe wa sauti, au voisimeli, ni machache. La kwanza ni alama ya ujumbe mpya isiyoondoka. Piga kituo cha ujumbe wa sauti kwa kushikilia kitufe cha 1, sikiliza na ufute kila kilichomo, ukihakikisha kitufe hicho kinapiga kwa laini husika. Alama ikibaki, jiachie ujumbe kutoka simu ya pili, usikilize na uufute. Hilo huulazimisha mtandao kutuma taarifa upya. Ikikaidi bado, futa akiba ya programu ya simu kwenye mipangilio, kisha uzime na kuwasha.

La pili ni simu kudai kwamba namba ya ujumbe wa sauti haipo. Iombe kampuni yako namba hiyo na uiandike kwenye mipangilio ya ujumbe wa sauti. La tatu ni wapigaji kuambiwa sanduku limejaa, nalo linaisha kwa kufuta ujumbe wa zamani.

Wengi wetu hatuutaki kabisa, kwa kuwa mpigaji hukatwa fedha akizungumza na mashine na mpigiwa hasikilizi kamwe. Piga ##61#, ##62# na ##67#. Kama baada ya siku kadhaa njia imerudi yenyewe, basi huduma imewashwa upande wa kampuni, na hakuna amri ya kwenye simu itakayoishinda.

Hatua ya 8: Namna ya kuzungumza na huduma kwa wateja

Piga 100, inayotumika kwa huduma kwa wateja kwenye mitandao mikubwa ya Tanzania na pia Safaricom na Airtel nchini Kenya. Usiseme "simu yangu ina shida", maana utaambiwa uizime na kuiwasha. Soma karatasi yako: "Naomba uniangalizie uelekezaji wa simu kwenye laini hii, simu zote, bize, zisizopokelewa na zisizopatikana, na uniambie kama huduma ya ujumbe wa sauti imewashwa. Nimefuta 62 jana, leo imerudi kwenye namba hii."

Muulize pia kama laini ina kizuizi cha simu zinazotoka, kwa sababu kizuizi hicho kinaweza kuufanya mtandao ukatae kuweka uelekezaji wowote. Atahitaji kuthibitisha kuwa wewe ndiye mwenye laini. Atauliza majina na namba ya kitambulisho, lakini namba ya siri ya fedha hana haja nayo. Kama laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, mwenye kitambulisho ndiye apige.

Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko uiandike chini ya ile mistari minne. Utakapoambiwa tatizo limeshughulikiwa, zima simu, iwashe, uliza tena *#21#, *#67#, *#61# na *#62#, kisha mwambie jirani apige huku simu ikiwa mezani mbele yako.